Kitanda cha baba kimekuwa gitaa, na bendi inaniambia niazime

BARUA

Shikamoo mama.

Nina miaka 38, mkazi wa Tanga, baba wa watoto wawili. Mchana ni fundi pikipiki, jioni napiga gitaa la solo kwenye bendi yetu ya mtaani. Tuko sita na hakuna anayeishi kwa muziki: yupo mwalimu, yupo dereva wa bajaji, na kiongozi wetu ana duka la vipuri ambalo likishafungwa ndipo tunapofanyia mazoezi. Tunapiga dansi la zamani na nyimbo zetu wenyewe tatu. Tukialikwa harusini tunapewa nauli na pilau, na tunashukuru. Mwaka huu tumejiandikisha kwenye mashindano ya bendi za ridhaa, tukapita mchujo. Fainali ni wiki tano kuanzia leo.

Gitaa langu la zamani lilivunjika shingo mwezi wa tano, lilidondoka kwenye bajaji. Bendi ikakaa kikao. Mfuko wetu ulikuwa na shilingi 420,000, wakasema nizichukue nitafute gitaa, hata la mtumba. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema nitatengeneza mwenyewe, litakuwa bora kuliko la dukani na pesa itabaki. Wawili walishangilia, wengine walinyamaza, kiongozi akasema, "Sawa, wewe ndiye fundi."

Sikuwa najisifu bure, mama. Nimekulia kwenye karakana. Marehemu baba alikuwa seremala. Nikiwa darasa la tatu nilijitengenezea gitaa la galoni, nyuzi zake waya wa breki ya baiskeli, na baba ndiye aliyenichongea mti wake. Nimeshika randa kabla sijashika spana.

Bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, nimeichonga kwa mninga. Mbao zake ni za kitanda cha baba, kile alichokitengeneza kwa mkono wake mwaka aliomuoa mama. Kilikuwa kwangu tangu mama alipohamia kwa dada, Korogwe. Shingo ni msaji niliopata kwa mtu wa mbao Muheza. Ubao wa kuwekea vidole ni mpingo, kipande nilichopewa na mchonga vinyago. Ndani ya shingo nimelaza nondo ya milimita 6. Pikapu (zile sumaku za kunasa sauti, si gari) nimezitoa kwenye gitaa lililokufa. Daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye bodi, nimechonga mwenyewe, nikalifunga kwa skrubu mbili. Vipimo vya freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole) nilifundishwa na mzee mmoja: pima uzi kutoka juu hadi kwenye daraja, gawa kwa 18, hapo ndipo inapokaa freti ya kwanza, kinachobaki gawa tena kwa 18, hapo freti ya pili, endelea hivyo hadi mwisho. Uzi wangu ni milimita 648. Kazi yote imekula miezi minne na shilingi 335,000 za mfuko wa bendi.

Siku nilipofunga nyuzi nililia, sioni haya kukuambia. Lina sauti nene, tamu, haifanani na ya gitaa lolote nililowahi kushika. Freti za mwanzo hazina neno. Lakini nikipanda juu, kuanzia freti ya saba hadi ya kumi na tano, ambako ndiko solo yetu inakocheza, sauti inalala. Nimeweka programu ya kutyuni kwenye simu. Nusu sauti moja, yaani hatua ya freti moja, imegawanywa vipande 100, na kwenye freti ya 12 kila uzi wangu uko chini kwa vipande nane hadi kumi. Ukipiga peke yako hujui. Ukiingia na gitaa la ridhimu na kinanda, unasikia kama mtu anayeimba akiwa na mafua. Halafu kuna la pili: nilipofunga, nyuzi zilikaa milimita 2 juu ya freti ya 12. Wiki tatu baadaye ni 3 na nusu. Na vuli ndiyo imeanza.

Wenzangu sijawaambia. Mazoezini nazivuta nyuzi kidogo kwa kidole ili sauti ipande, na mpiga kinanda amegeuka kunitazama mara mbili. Wiki iliyopita kiongozi alinivuta pembeni. "Kaka, siku ile tupigie kitu cha uhakika. Dogo ana gitaa lake, mwambie akuazime." Dogo ni kijana wa miaka 22, mpiga solo wetu wa akiba, gitaa lake jipya kaletewa na mjomba wake aliyeko Oman. Nasikia wapo waliosema afadhali apige dogo mwenyewe.

Nimeumia. Naona hawakuwahi kuliamini gitaa langu kwa sababu limetoka uani, halikutoka dukani. Nikipanda jukwaani na gitaa la dogo nitakuwa nimekiri mbele ya watu kwamba kazi ya mikono yangu ni takataka, na nitakuwa nimemsaliti baba. Nikipanda na langu likaniumbua, nimewaangusha watu watano waliotoa pesa yao. Mke wangu yuko upande wao. Amechoka na vumbi, maana nafanyia kazi kibarazani, mbele ya chumba cha watoto, na yule mdogo siku hizi anakohoa usiku. Mama naye kila akipiga simu anauliza kama kitanda cha baba tunakitunza. Namwambia kipo.

Nifanyeje?

Fundi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, hapohapo Tanga, kwa hiyo usidhani umemwandikia mtu asiyejua solo ni nini. Nimekua mji huu ukiwa na Atomic Jazz upande mmoja na Jamhuri Jazz upande wa pili, na kwenye taarabu Black Star na Lucky Star, na watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakinuniana sokoni kwa ajili ya bendi. Kabla yao bibi zetu waligawanyika Marini na Arinoti kwenye ngoma ya beni. Pwani hii hatujawahi kupiga muziki bila kutafuta wa kumshinda. Kwa hiyo fainali yako siichukulii kama mchezo wa watoto, hata kama zawadi yake ni kikombe cha bati.

Kama nimekuelewa, una gitaa unalolipenda na unajua lina kasoro mbili. Una wenzako waliokukabidhi pesa yao, na hujawaambia juu ya kasoro hizo. Una kijana nyuma yako mwenye gitaa jipya. Na una wiki tano. Kila mlango unaoutazama unaona nyuma yake kuna aibu: ukilipiga unaweza kuaibika, ukiliacha unajiona umeshaaibika. Ndivyo?

Niruhusu nianze na mbao, kwa sababu huko nimepata habari ambayo hukuitegemea.

Mimi si fundi, lakini nina fundi. Yuko Dar, anatengeneza magitaa ya watu, na nilimsomea kwa simu ile sehemu ya vipimo bila kumwambia wewe ni nani. Nilipofika kwenye "gawa kwa 18" alicheka. Si kwa dharau. Alisema hiyo ni kanuni ya kale kabisa. Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa nyota, aliiandika huko Italia mwaka 1581, na mafundi waliitumia kwa karne nyingi baada yake. Mzee aliyekufundisha hakukudanganya. Ila namba inayotumika siku hizi ni 17.817, kwa sababu hatua kumi na mbili za namna hiyo ndizo zinazokufikisha nusu kamili ya uzi. Kwa uzi wako wa milimita 648, freti ya 12 ilitakiwa ikae milimita 324. Kwa 18 umeiweka kwenye 321 na nusu hivi. Hapo ndipo mafua yanapotoka.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nimwambie arudie mara mbili. Kosa lako si la ovyo. Ungekosea freti moja huku na moja kule, dawa ingekuwa kung'oa freti zote, na mpingo ni mti mgumu unaozama majini; ukivuta freti vibaya unameguka vipande. Lakini wewe umekosea kwa uwiano uleule kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho. Alilisema hivi: "Huyo bwana ametengeneza shingo ya gitaa la milimita 643, akaifunga uzi wa 648." Kwa hiyo kinachotakiwa kusogea ni daraja, kwenda upande wa shingo. Kwa hesabu kavu ni karibu milimita 5; kwa kuwa kidole kikibonyeza uzi hupandisha sauti yake kidogo, huenda ikawa 3 au 4. Ziba matundu ya zamani kwa kijiti na gundi kabla hujatoboa mapya, maana yatakaribiana sana. Utajua umefika pale sauti ya freti ya 12 iliyobonyezwa itakapolingana na ile sauti ya kengele inayotoka ukiugusa uzi katikati bila kuubonyeza. Baada ya hapo freti zote zitakuwa zimekaribia mno pahala pake, kiasi ambacho sikio la jaji halitakamata.

Umeona? Kasoro uliyoificha kwa wiki kadhaa, ukaivutia nyuzi kwa kidole mpaka mpiga kinanda akageuka, huenda ni kazi ya jioni moja.

Kwenye jambo la pili fundi hakucheka. Aliuliza huo msaji ulikatwa lini. Barua yako haisemi, na nina hofu kwamba na wewe hujui. Mbao za kitanda zina miaka mingi ndani ya nyumba, zimeshatulia. Msaji uliotoka shambani juzi bado unakunywa na kutapika maji, na watu wa mbao husema ubao wa inchi moja ukae kivulini mwaka mzima ndipo uuguse. Nyuzi sita za gitaa la umeme zikikazwa huvuta kwa pamoja karibu kilo 45, karibu nusu gunia la mahindi, usiku na mchana, na shingo mbichi huinama. Magitaa ya kiwandani yana chuma ndani ya shingo kinachokazwa kwa nati ili kuvuta upande wa pili. Nondo yako imelala tu. Inazuia kidogo, hairudishi. Ile milimita moja na nusu iliyoongezeka kwa wiki tatu ndiyo habari kubwa katika barua yako yote ya ufundi, wala daraja haliitibu.

Aliniomba nikuulize na hili: kabla hujabandika mpingo kwenye msaji, uliupangusa msaji kwa thina? Ni mti wenye mafuta, gundi nyeupe ya mbao huushika shingo upande. Pitisha kucha kwenye maungio. Ukikuta ufa hata wa unywele, jukwaani usilipeleke, na hapo hatuna mjadala tena.

Kama hakuna ufa, bado hujui, na mimi pia sijui. Anayejua ni shingo yenyewe. Sogeza daraja, funga nyuzi nyembamba zaidi, uzilegeze kila ukimaliza kupiga, kisha kila asubuhi kwa siku kumi pima nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya freti ya 12 na uandike kwenye daftari. Ikiwa namba imesimama, una gitaa ambalo huenda litakuvusha usiku wa fainali. Ikiwa inapanda kila siku, unachokishika bado ni ubao unaokauka, na ubao haujui kalenda ya mashindano.

Tuje kwa watu.

Unasema wenzako hawakuwahi kuliamini gitaa kwa sababu limetoka uani. Nimelitafuta neno hilo kwenye maneno yao sikuliona. Nimeliona kwenye yako. Kiongozi alisema "kitu cha uhakika." Hakusema kitu cha dukani. Huyu ndiye aliyekwambia "wewe ndiye fundi" na akakuachia laki nne na ushee ukafanye utakavyo. Inawezekana kweli anakudharau; mimi simjui. Inawezekana pia kwamba amesikia mafua, amekusubiri useme, na ulipokaa kimya akatafuta njia ya kukupa upenyo bila kukuvunjia heshima mbele ya wengine. Kukuvuta pembeni kunafanana zaidi na hilo. Na mpiga kinanda hakugeuka mara mbili kutazama shati lako.

Halafu umesema utamsaliti baba. Nikuulize kama mtoto wa seremala: baba yako aliwahi kumkabidhi mteja kitanda cha mbao mbichi kwa sababu tu harusi ilikuwa Jumamosi? Sijui atakuwa alifanya nini. Labda aliwahi, na mteja akarudi baada ya miezi sita kitanda kinalia. Labda alisema "subiri." Wewe ndiye uliyekuwa pale karakanani ukimtazama. Jibu unalo, na lolote litakalokuwa, nadhani litakusaidia kuliko langu.

Njia ninazoziona mbele yako ni kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Ya kwanza ni kupiga solo kwa gitaa lako, baada ya siku kumi za daftari, lakini wenzako wakijua kila kitu. Ukiwaambia wazi, gitaa linakuwa la bendi, wala si siri yako. Likicheza vibaya mmeangushwa wote na mliamua wote. Hatari ni kwamba ukumbi wenye taa kali na watu wengi hubadili hewa kwa saa moja, na shingo changa husikia mabadiliko hayo kabla ya mtu. Utahitaji kutyuni kati ya wimbo na wimbo, basi mwimbaji ajiandae kuzungumza na watu. Ukiificha siri hadi mwisho, hatari ni ileile, ila utaibeba peke yako.

Unaweza pia kuazima. Hapa usijidanganye kwamba ni kuchomeka waya na kupiga. Shingo ya gitaa la dogo ni nyingine na vidole vyako vimezoea yako. Ukitaka kulizoea lianze sasa, si siku ya mwisho. Na moyo wako ujiandae, maana hata kama mtashinda, utashinda ukiwa umeshika kitu cha mtu. Kwa wengine hilo si kitu. Kwako naona litauma kidogo, na kuuma kidogo si dhambi.

Kuna njia ambayo hukuiandika, nadhani kwa sababu ni chungu. Dogo apige solo, wewe upige ridhimu kwa gitaa lako, mpiga ridhimu wenu akikubali kukupisha au mkipangilia magitaa matatu kama dansi lilivyozoea. Ridhimu hukaa chini zaidi kwenye shingo, ambako kasoro ni ndogo, na sauti hiyo nene unayoisifia inaweza kukaa vizuri pale kuliko kule juu. Lakini tusipake asali: kiti cha solo ukikiachia kwa usiku mmoja unaweza usikirudie. Kijana wa miaka 22 akishangiliwa na ukumbi mzima, nani atamwambia arudi akiba? Kwa hiyo kabla hujaipima njia hii kwa masikio, jiulize swali ambalo barua yako inalizungukazunguka: unachoogopa kupoteza ni gitaa, au ni kiti? Yote mawili ni haki yako kuyaogopa. Ila dawa zake ni tofauti, na ukitibu moja kwa dawa ya nyingine utaishia na ugomvi.

Na dogo mwenyewe umeongea naye? Barua nzima inasimulia gitaa lake, mjomba wake na umri wake, na hakuna hata neno moja alilolisema yeye. Huenda anatetemeka kuliko wewe.

Ukitaka kupima kwa haki bila maneno, rekodini wimbo mmoja kwa simu mara mbili, mara kwa gitaa lako likiwa limesharekebishwa, mara kwa gitaa la dogo, mpigaji wewe mwenyewe, wenzako wakiwa wamegeukia ukuta. Wasikilize kisha waseme wanataka lipi. Ila ukubali jambo hili tu kama uko tayari kwa jibu lolote. Usipokuwa tayari, usiwageuzie watu ukutani.

La pesa nitalisema haraka: imebaki shilingi 85,000. Ipeleke kikaoni pamoja na risiti kabla hujaulizwa.

La mtoto sitalizungusha. Kila kitu kingine hapa nakuachia, hili hapana. Vumbi la mninga na la mpingo huchokoza mapafu ya watu wazima waliozoea, sembuse mtoto aliyelala nyuma ya mlango. Mpeleke akaangaliwe wiki hii, na kazi ya msasa ihamie mbali na nyumba, wewe ukiwa umeziba pua na mdomo. Mke wako umemwandika kuwa yuko "upande wao." Mimi nimemwona upande wa mtoto wake. Huenda hana neno lolote na gitaa.

Nimeacha la mwisho ambalo wewe uliliandika kwa sentensi mbili kisha ukakimbilia "nifanyeje." Mama anauliza kitanda. Unajibu kipo.

Mara zote umekiita kitanda cha baba. Mwanangu, alikitengeneza mwaka aliomuoa mama yako. Kilikuwa cha wawili. Mmoja hayupo, na yule aliyebaki anapiga simu kukiulizia, sidhani kama anaulizia mbao. Nilipofika hapo niliiweka barua chini kwa muda. Nikajiuliza kama uzito wote ulioubebesha usiku wa fainali, kwamba lazima gitaa lipande jukwaani, lazima lisikike, lazima lishinde, ni uzito wa bendi kweli. Au ni kwamba likishinda utakuwa na kitu cha kumwonyesha mama kabla hujamwambia umekitoa wapi. Ninaweza kuwa nimekosea. Nimekosea mara nyingi kwenye safu hii, na wasomaji hawachoki kunikumbusha.

Ukimwambia sasa, anaweza kulia au kukasirika, na anayo haki, kwa sababu hukumwomba. Anaweza pia kutaka kulishika. Ukingoja hadi baada ya fainali, utaenda kichwa kikiwa kimetulia, lakini kumbuka simu za watu: mshereheshaji akitangaza tu kwamba gitaa hili ni la kitanda cha marehemu, video itafika Korogwe kabla hujashuka jukwaani, na hapo mama atakuwa amesikia kutoka kwa jirani kile ambacho mwanawe alimwambia "kipo." Na ukiamua usimwambie kamwe, basi kila akipiga simu utalipia. Wewe ndiye unayemjua. Kama zimebaki fito, au mguu, au ubao wa kichwani, usivikate tena mpaka umezungumza naye. Na ukienda, nenda na gitaa, hata kama nyuzi zake zimelegezwa.

Ukishasogeza daraja niandikie limesogea kiasi gani. Fundi wangu ameweka soda kwamba ni milimita tatu na nusu, na mimi nimesema nne.